Paa linavuja tangu mwezi wa tatu, mwenye nyumba anasema nisubiri mvua ziishe. Nifanyeje?

Mpangaji wa Tabata

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana nshachoka na sina wa kumuuliza zaidi ya nyie.

Nimepanga Tabata hapa Dar, chumba na sebule, choo ndani na kajiko kadogo, kodi 250,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo mwezi wa kwanza, yaani milioni moja na nusu, na laki mbili na nusu nyingine akabeba dalali. Siku naonyeshwa nyumba jua lilikuwa kali, rangi mpya imepigwa, siling bodi nyeupe pee, mi nikaona nimepata. Kumbe ile rangi ilipigwa kuficha madoa. Mvua ya kwanza ya masika, saa nane usiku nasikia to, to, to, nikajua bomba la chooni limeachia, kuwasha taa naona siling bodi juu ya kitanda cha mtoto imevimba kama andazi. Tukaweka ndoo. Sasa hivi ndoo ziko tatu na beseni moja, na tumeshazizoea mpaka tunajua ipi inajaa baada ya muda gani, ile ya sebuleni ndo ina kasi kuliko zote.

Mwenye nyumba anakaa Morogoro, hapa kamuacha mdogo wake kama msimamizi. Huyo msimamizi alikuja akaangalia juu akasema hii ndogo tu, jumamosi naleta fundi. Jumamosi ya lini hakusema. Nikampigia baba mwenye nyumba mwenyewe, akanijibu vizuri kabisa kwa upole, kijana wangu bati halipandwi mvua inanyesha, fundi atateleza, subiri mvua ziishe. Nikasubiri. Katikati ya mwezi wa nne zikapita siku kama tano za jua nikampigia tena, akaniuliza "kwani sasa hivi inavuja?" Nikamwambia sasa hivi hapana baba, kuna jua. Akasema "haya basi, si afadhali". Wakuu nilikata simu nikacheka peke yangu kituo cha daladala watu wananiangalia.

Kinachonitisha ni kwamba maji yameanza kushuka kwenye ukuta wenye soketi ya friji. Friji nimehamishia sebuleni. Nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi na mtoto kikohozi hakimuishi. Halafu chemba ya uani, ambayo tunachangia wapangaji sita, mvua ikiwa kubwa inafurika maji machafu yanakuja hadi mlangoni.

Maswali yangu. Naweza kutengeneza kwa hela yangu nikakata kwenye kodi ya mwezi wa saba? Naweza kugoma kulipa mpaka atengeneze? Au naweza kudai kodi ya miezi iliyobaki nihame zangu? Mkataba ninao, karatasi moja, inasema nisipikie mkaa ndani, mgeni asizidi siku tatu, na kuna mstari mmoja "mpangaji atatunza nyumba katika hali nzuri". Basi.

Mzee wa Kirikuu

Hama mkuu. Nyumba ni kama nguo, ikibana unavua. Mimi nina kirikuu, nitakubebea vyombo kwa bei ya mshkaji.

Mpangaji wa Tabata

Mzee asante ila nihame na nini? Kodi ya miezi sita kwingine, dalali mwezi mmoja, na wewe na kirikuu chako. Hiyo ni karibu milioni mbili na huku nimeacha miezi miwili nimeshailipia. Ndo maana nauliza haki, ningekuwa na hela ningeuliza dalali.

binti_mtulivu

Pole kaka. Yaliyokukuta yalinikuta Kimara, ngoja nikusimulie maana mimi nilianza kwa kukosea.

Mimi nilikuwa na hasira nikasema silipi. Muda wa kodi ukafika nikakausha, simu zake sipokei. Nilijiona mjanja wiki mbili. Wiki ya tatu kaja na mjumbe na kijana wa serikali ya mtaa, na stori ikageuka, sio nyumba inavuja tena, ni mpangaji mkorofi halipi kodi. Na mimi sina hata karatasi moja inayoonyesha nilishawahi kulalamika, kila kitu nilikuwa naongea kwa simu! Mama mwenye nyumba akasema mbele ya watu, "huyu hajawahi kuniambia kitu, ningejuaje?" Nikabaki nimeduwaa. Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza swali moja tu, "una meseji?" Sina. Nikapewa wiki moja nilipe.

Nikalipa, lakini safari hii nikajifunza. Nikaandika barua kwa mkono, nakala mbili, tarehe, vitu vyenye shida kimoja kimoja, naomba vitengenezwe ndani ya siku kumi na nne. Moja nikampa, nyingine nikamwambia mama naomba unisainie tu kwamba umepokea. Alisita. Nikamwambia kusaini sio kukubali makosa, ni kukubali kwamba karatasi imefika. Akasaini. Kaka, ile saini ilifanya kazi kuliko kelele zangu zote za miezi mitatu. Siku kumi na nne zikapita, nikaipeleka ile nakala ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na picha kwenye simu, mwenyekiti akampigia hapohapo mimi nimekaa kwenye benchi namsikia. Fundi alikuja jumatatu.

Kwa hiyo kwako wewe, swali la pili jibu ni usigome kabla hujawa na karatasi.

Karani Mstaafu

Habari za humu. Sio wakili mimi, nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakili miaka mingi, kwa hiyo chukueni kama maneno ya mtu aliyepiga chapa mashauri mengi ya nyumba.

Kijana, watu wengi wanadhani kama mkataba haujasema nani anatengeneza basi hakuna anayetengeneza. Sivyo. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kifungu cha 88, inaweka ahadi za mwenye nyumba ndani ya kila mkataba wa pango hata kama hazikuandikwa. Moja ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa binadamu kuishi siku unaingia na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Nyingine, ukiwa umepangishwa sehemu tu ya jengo kama nyie wapangaji sita, paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya majitaka na maeneo mnayochangia ni vya mwenye nyumba kuvitunza. Paa lako limo humo. Chemba yenu imo humo. Huo mstari wa "mpangaji atatunza nyumba katika hali nzuri" hauwezi kukufanya wewe uwe mwezekaji. Kutunza ni usivunje kioo, kitasa ukikiharibu urudishe, ukuta usipigilie misumari kama unajenga banda.

Na hata asiyekuwa na karatasi kabisa asikate tamaa, pango la mwaka mmoja au chini ya hapo linaweza kuwa la mdomo na likatambulika. Risiti za kodi na meseji za muamala ndo zitamsemea.

Sasa kuhusu kukata kodi. Hapa nakubaliana na binti. Na wewe pia umeahidi kulipa kodi, na kutolipa ndo kosa rahisi kuliko yote kuthibitisha, yeye ataonyesha daftari halina jina lako basi. Lako wewe mpaka mtu aje apande juu aangalie. Ukitaka kukata, pata makubaliano ya maandishi kabla ya kumlipa fundi, hata yawe mistari mitatu, kiasi gani, kitakatwa mwezi gani, saini mbili na shahidi. Ukitengeneza kwanza halafu ndo uombe, utaambiwa nani alikutuma.

Njia yenyewe inaenda hivi. Barua, halafu serikali ya mtaa, hapo mambo mengi yanaisha. Ikishindikana Baraza la Kata. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua kabisa, lakini tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, na lina siku 30. Mawakili hawaruhusiwi pale, mnakaa wenyewe mnaongea. Mkishindwana unapewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, nayo ndo inakufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndo kuna ada, tarehe, njoo kesho. Ukiwa unadai kurudishiwa hela tu, uliza kwanza dirishani kabla ya kulipia chochote, maana kuna ubishi wa siku nyingi kama hiyo ni kesi ya ardhi au ni madai ya kawaida ya mkataba, na shauri likifunguliwa pasipo pake linatupwa na umeshapoteza miezi.

Zamani tulikuwa na sheria yake maalum ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilifutwa 2005. Wazee wa mjini wanakumbuka pia Msajili wa Majumba, yule aliyekuwa anapangisha nyumba za serikali, kabla hajaunganishwa na Shirika la Nyumba 1990. Sisemi enzi zile bati zilikuwa hazivuji, zilivuja sana tu. Ila ulikuwa unajua dirisha la kwenda kulalamika ni lipi.

Mzee wa Kirikuu

Karani umeandika waraka mzima. Ila hapo kwenye njoo kesho umesema kweli, mimi kesi ya kuku tu ilinichukua miezi minne.

Fundi Kenchi

Mi ni fundi wa paa niongee ya ufundi maana naona mnaongea sheria tu na maji yanaendelea kudondoka.

Kwanza huyo mzee wa Morogoro nusu yuko sahihi. Bati likiwa limelowa hatupandi, kweli unateleza. Lakini masika hainyeshi saa 24, ukipata asubuhi mbili kavu kazi inafanyika. Akisema mvua ziishe anataka tu usahau.

Pili, maji kudondokea kitandani kwa mtoto haina maana tundu liko juu ya kitanda. Maji yakiingia yanatembea na papi (zile mbao zinazopigiliwa bati), yanashuka na kenchi (mbao zinazobeba paa), yanaenda kudondoka mita tatu mbele. Kwa hiyo usikubali fundi anayekuja anaangalia doa anasema hapa hapa anapaka lami pale juu anaondoka na hela. Ingieni darini mchana kweupe, zima tochi, tulia kama dakika mbili macho yazoee giza, utaona nyota. Kila nyota ni tundu. Piga picha na alama kwa chaki kwenye papi.

Sana sana ni misumari. Ile misumari ya bati ina kimpira chini ya kofia yake, jua la Dar likikipiga miaka kadhaa kinakauka kinapasuka, msumari unalegea, maji yanazunguka hapo yanaingia. Bati nyembamba za geji 30 au 32 ndo kabisa, upepo unazitingisha tundu linatanuka. Hiyo sio kubadilisha paa, ni kung'oa misumari iliyochoka na kupiga mingine, na kama papi imeoza unabadilisha kipande. Kazi ya siku moja au mbili.

Ila hiyo ndoo yako ya sebuleni inayojaa haraka mi nina wasiwasi nayo. Nyumba yako ina mapaa mawili yanayokutana kama herufi V? Kama ndio, angalia ule mfereji wa bati pale yanapokutana. Ukijaa majani maji yanapanda yanaingia kwa pembeni. Hiyo haizibwi na lami, mwambieni fundi aufungue.

Tatu na hii sikiliza vizuri, ukuta wenye soketi ukilowa nenda kwenye boksi zima saketi breka ya chumba hicho na usiiwashe mpaka ukauke. Acha kesi, acha barua, hiyo ni leo.

Mpangaji wa Tabata

Fundi nimetoka kuzima sasa hivi. Na ndio, mapaa mawili yanakutana juu ya sebule, umejuaje?

Fundi Kenchi

Kasi ya ndoo.

Mama Wapangaji

Na mimi niseme kidogo maana humu naona mwenye nyumba ndo adui. Nina vyumba vinane Mbagala, hela ya pensheni ya marehemu mume wangu ndo ilijenga.

Wanangu, kodi ya miezi sita ikiingia haikai. Siku hiyohiyo nusu imeenda ada ya shule, nyingine kuna bati la chumba kingine. Ukinipigia mwezi wa tatu kusema kunavuja, sio kwamba nakudharau, kweli sina. Na sitakwambia sina kwa sababu ni aibu, nitakwambia mvua ziishe. Huyo baba wa Morogoro inawezekana ndo hivyo hivyo.

Halafu wapangaji nao! Mtu anakupigia "mama nyumba yako mbaya". Mbaya wapi, hasemi. Nikija nakuta kitasa kakivunja mwenyewe alipogombana na mkewe. Kuna mmoja aliziba choo kwa nguo za mtoto akasema choo changu kibovu.

Nikuambie kinachonifanya mimi nitoe hela haraka. Mpangaji mmoja alinijia na fundi, wamepanda wamehesabu, karatasi ina misumari kiasi gani, bati kipande ngapi, ufundi shilingi ngapi, na picha. Akasema "mama najua huna sasa hivi, mimi ninayo, tukubaliane nikate kwenye kodi inayokuja". Mbona nilisaini hapohapo, na kumpa soda nikampa. Nilikuwa naogopa kitu nisichokijua bei.

Ila asije mtu na makadirio ya kujipendelea, na mimi nina fundi wangu nitamuuliza.

binti_mtulivu

Mama asante kwa ukweli. Lakini na nyie mkipaka rangi juu ya madoa ili mtu alipe miezi sita hiyo tuiiteje?

Mama Wapangaji

Mwanangu hiyo ni wizi. Mimi sijasema kitu.

Wa Nairobi

Nawasalimu majirani. Nasoma hii nikiwa mtaa wa Umoja na nashangaa mnavyolipa miezi sita. Huku kwetu ni kila mwezi, tarehe tano keateka, yule msimamizi wa nyumba, yuko mlangoni, ila unaweka na dipoziti ya mwezi mmoja ama miwili. Kwa hivyo sisi tuko na kitu mkononi, landlodi akikataa kurekebisha unamwambia mwezi wa mwisho nakaa kwa dipoziti, siku hiyo ndio utaona fundi.

Sheria yetu ni kama yenu kabisa, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, nyumba iwe inafaa mtu kuishi. Kuna pia ile mahakama ya kodi za nyumba lakini inagusa nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, hebu mniambie Nairobi hii 2,500 unapata nyumba wapi, labda mlango. Wengi siku hizi wakidai dipoziti irudishwe wanaenda mahakama ya madai madogo, ile ya chini ya milioni moja, inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60.

Lakini kugoma kulipa hata huku ni hatari, landlodi ataleta madalali wabebe viti, TV, kila kitu mpaka sufuria.

Mzee wa Kirikuu

Dalali abebe viti? Wa kwetu anabeba hela tu, ukimwita aje hata kuinua godoro haonekani.

Wa Nairobi

Haha mzee, huku dalali ni yule wa mnada, anakuja na karatasi na lori. Yule wa kutafuta nyumba tunamwita ajenti.

Mzee wa Kirikuu

Lori la nani? Mwambie nina kirikuu.

jirani_wa_chemba

Hamjagusa ile chemba na mimi naona ndo silaha kubwa kuliko paa. Paa linakuvujia wewe peke yako, majitaka yakitembea uani ni ishu ya mtaa mzima. Nenda kwa afisa afya wa kata, wengine bado tunamwita bwana afya. Kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na kero kama hiyo iko ndani yake kabisa, anaweza kuja kukagua na kumuandikia mwenye nyumba amri aiondoe, akikaidi anapelekwa mahakamani. Hauhitaji wakili wala kulipia kesi. Sisi Buguruni tulienda wapangaji wanne pamoja, usiende peke yako, ukienda mmoja unaonekana una ugomvi wako na mwenye nyumba, mkienda wanne na mama mmoja amebeba mtoto mgongoni wanasimama.

Tahadhari moja, kuna mwenye nyumba akipewa hiyo amri anawageukia wapangaji, changeni elfu ishirini ishirini gari la majitaka lije. Kunyonya chemba iliyojaa kwa matumizi yenu sawa, wengi tunachangia ndo kawaida ya uswahilini. Ila kama inafurika sababu mvua inaingia, ukuta wa chemba umebomoka au mfuniko umepasuka, hilo ni jengo, mkichangia mtachangia kila wiki.

Mpangaji wa Tabata

Asanteni sana wote. Mfuniko ni kweli umepasuka, tumeuwekea kipande cha bati na tofali. Barua naandika leo. Ila swali langu la tatu bado, kodi ya miezi miwili naweza kurudishiwa nikihama?

Karani Mstaafu

Ukihama tu ghafla bila barua ni ngumu, atasema umeondoka mwenyewe. Kwenye hicho hicho kifungu cha 88 kuna sehemu kwamba nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyo ya uzembe wako hadi haikaliki, kodi au sehemu yake ya haki inasimama mpaka itengenezwe. Lakini kwako ni bati lililochoka na bado mnalala ndani, usilazimishe. Andika barua, mpe muda, asipofanya andika ya pili kwamba kwa kuwa nyumba haifai kuishi unaondoka tarehe fulani na unadai kodi ya siku zilizobaki, siku ya kutoka piga picha kila ukuta, kabidhi funguo kwa maandishi. Hapo una kitu cha kusimamia kwenye Baraza la Kata. Kuipata ile hela yenyewe ni kazi nyingine, nimeona watu wanashinda na wanafuatilia laki tano mpaka nauli inafika laki mbili. Kama hali ni ngumu tafuta msaada wa kisheria wa bure, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanasikiliza watu, na kina mama kuna TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake).

Mpangaji wa Tabata

Wakuu narudi na mrejesho, mwezi umepita samahani kwa ukimya.

Barua niliandika nakala mbili kama alivyosema binti. Msimamizi alikataa kusaini akasema yeye sio mwenye nyumba. Nikaipiga picha nikamtumia baba mwenye nyumba WhatsApp, tiki mbili za bluu zikatokea, nikapiga skrinshoti. Hakujibu siku nane. Nikaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akampigia, akaambiwa yuko kwenye kikao. Siku ya pili akapigiwa tena, kikao. Nikamtafuta fundi wa hapa mtaani (Fundi Kenchi uko mbali na mimi mkuu ningekuita), tukaingia darini mchana, tukazima tochi. Aisee nilihesabu nyota kumi na saba nikaacha. Akaandika makadirio, misumari, kipande cha papi, bati moja, ufundi, jumla 185,000. Nikayatuma Morogoro na maneno yale ya Mama Wapangaji, kwamba baba najua mambo ni mengi, mimi naweza kuanza tukubaliane.

Ndani ya nusu saa simu ikaita! Akasema ningejua ni laki na themanini ningeshatuma zamani, mdogo wangu aliniambia paa zima linatakiwa kubadilishwa milioni tatu. Kumbe ndo ilikuwa hivyo. Akaja mwenyewe jumapili, tukasaini ofisini kwa mwenyekiti kwamba nakata 185,000 kwenye kodi ya mwezi wa saba, muhuri ukapigwa. Kazi imefanyika siku mbili, chumbani pamekauka na ukuta wa soketi fundi umeme ameupima akawasha.

Chemba bado. Bwana afya alikuja, tulienda wapangaji watano, kaacha karatasi kwa msimamizi na msimamizi ameanza kutununia wote, salamu haitiki.

Na juzi imenyesha ile ya kufungia msimu. Ndoo ya mtoto tumeondoa, beseni tumeondoa. Ya sebuleni imejaa kama kawaida.

Fundi Kenchi

Fundi wako aliufungua ule mfereji au alipaka lami?

Mpangaji wa Tabata

Alipaka lami.